Kikapu cha Majani ya Karoti

Kila alasiri, akitoka shule, Kidadisi alipitia kwa muuza mboga kuokota majani ya karoti yaliyotupwa. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa kuwa hakuna sufuria aliyoipita bila kuifunua. Majani aliyatia kikapuni, na asubuhi mama aliondoka nayo kwenda kiwanda cha sabuni alikofanya usafi. Alisema ni ya sungura wa mfanyakazi mwenzake.

Kidadisi aliamini hivyo hadi Jumatatu moja, watu wenye mabango walipojipanga langoni mwa kiwanda. Kiongozi wao, daktari wa mifugo aliyestaafu, aliwaeleza wapita njia kwamba sabuni mpya hudondoshwa kwanza kwenye macho ya sungura, ili ijulikane kama inachoma. Kidadisi alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Akakumbuka kikapu.

Tangu hapo hakuwa na raha. Mama akinawa, yeye aliikodolea macho mikono yake iliyojaa mikwaruzo. Alipouliza, mama alijibu upesi, bila kumtazama, kwamba alichomwa na miiba ya ua wa kiwanda. Miiba gani? Ua ule ulikuwa wa matofali.

Jumatano mama alipoingia kuoga, Kidadisi alikipekua kikapu. Chini ya majani palikuwa na daftari. Alisoma: "Namba Saba. Tone la tatu. Jicho la kushoto limevimba, amekataa kula." Ulikuwa mwandiko wa mama, ule ule uliomfundisha kuandika jina lake. Machozi yalimlengalenga. Alilificha daftari katika mkoba wa shule.

Asubuhi mama alikipekua kikapu mara mbili, uso umemsawijika, kisha akaondoka. Kidadisi aliona kuwa huo ni ushahidi tosha. Baada ya masomo alikwenda moja kwa moja kwa daktari pale langoni.

"Hili ni la mama," alisema, akimpa daftari. "Yeye ndiye anayewatesa."

Daktari alisoma kurasa mbili, akalisukumiza daftari ndani ya koti. "Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

Daktari alishusha pumzi. Alimvuta pembeni, mbali na walinzi, akamwonyesha barua isiyo na jina. Mwandiko ulikuwa ule ule. Kumbe aliyetoa siri ya sungura alikuwa mama mwenyewe! Mlinzi mmoja angelichungulia daftari lile, mama angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Kidadisi alitamani ardhi impasukie.

Jioni mama alimkuta Kidadisi na daktari wakimngoja nyumbani, daftari liko mezani. Aliketi taratibu.

"Niliajiriwa kufagia vizimba," alisema. "Kisha nikaamriwa niwadondoshee sabuni. Niliwadondoshea, mwanangu. Sikuwa na ujasiri wa kukataa, ndiyo maana nikawa naandika."

Kesho yake aliupata ujasiri huo. Aliingia kwa meneja pamoja na daktari, daftari mkononi, akasema hatadondosha tena. Meneja alifoka, akatisha, lakini kila tone lilikuwa na tarehe yake daftarini. Wakaguzi wa serikali, walioitwa na daktari, walifika wiki iliyofuata. Majaribio yale yalisimamishwa, mama akahamishiwa kwenye kufungasha sabuni, na sungura wote kumi na wawili wakapelekwa kwa daktari.

Jumamosi mama na mwanawe waliwapelekea majani, na njiani Kidadisi aliomba radhi.

"Kushuku hukukosea, mikwaruzo uliiona," mama alisema. "Ulikosea kunihukumu kabla ya kuniuliza. Lakini kosa langu lilitangulia lako, maana nilikudanganya. Ningekuambia kweli siku ya kwanza, usingekipekua kikapu."

"Ningekipekua tu," Kidadisi alijibu.

Mama alicheka, kisha akamshika bega. "Basi uniulize kwanza. Nami nitakujibu ukweli, hata ukiwa wa kuniaibisha."

Walipofika kwa daktari, Kidadisi alichuchumaa mbele ya Namba Saba na kumnyooshea jani upande wa jicho lake zima. Sungura alisita, akalinusa, akarudi nyuma. Ilibidi wamsubiri kwa muda mrefu ndipo akubali kula.