Vikombe Ambavyo Mama Sandra Hakuandika

Mama Sandra anaishi Kitengela, nyuma ya soko. Jina lake ni Nzula, lakini tangu amzae Sandra hakuna mtu anayelikumbuka, isipokuwa mamake na watu wa kliniki. Kazi yake ni kuuza shuka, leso na viatu. Hana duka. Duka lake ni begi, na begi liko mgongoni.

Jumatatu mpaka Jumamosi anavuka barabara ya Namanga, anawapisha punda wanaobeba maji, kisha anashika njia ya vumbi kuelekea maboma. Wateja wake wengi ni akina mama wa Kimaasai. Wanamjua vizuri. Mbwa wao pia wanamjua, na mmoja alishawahi kumeza soksi yake.

Zamani alikuwa anaenda kwa boda. Siku hizi anatembea, na sababu ya kutembea ilitoka kliniki. Alienda kupimwa presha, nesi akampima na sukari ya damu. Nesi aliangalia mashine, akamwangalia Nzula, akaangalia mashine tena.

"Bado huna ugonjwa wa sukari," akamwambia. "Lakini umesimama mlangoni. Uko na kilo themanini na sita. Ukipunguza hata tano, unaweza kugeuka urudi. Kuja baada ya miezi minne tupime tena."

Hapo Nzula hakuwa na mzaha. Mamake, kule kwao Wote, ana mguu mmoja. Wa pili ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa huo huo, na Nzula ndiye aliyemshika mkono siku hiyo. Alirudi nyumbani kimya, na kwa mama wa Kitengela anayeuza vitu, kimya ni jambo kubwa.

Kesho yake alianza. Sandra, binti yake wa kidato cha tatu, alimtafutia kwa simu video ya mwanamke mwembamba anayefundisha kupunguza uzito. Mwanamke huyo alisema ule kidogo sana na utembee sana. Basi Nzula akawa anakula yai moja asubuhi, nusu ovakado mchana, na jioni sukuma wiki na kijipande cha ugali ambacho Sandra alikiita sampuli. Chai ya nyumbani alikunywa ya rangi, bila sukari, huku amekunja uso kama mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Tena alinunua daftari. Kila alichokula alikiandika. Yai moja. Nusu ovakado. Sukuma, sampuli.

Njaa ilimgeuza. Alimgombeza Sandra kwa kupumua karibu naye. Alimgombeza mume wake, Musila, ambaye ni fundi wa mawe na anarudi nyumbani jioni akiwa mweupe kwa vumbi, eti anakula kwa sauti. Lakini aliendelea. Asubuhi mpaka saa sita alikuwa njiani, boma hadi boma, kwa miguu.

Wiki tano zikapita. Nzula akaenda kwa Rebecca kupimwa uzito. Rebecca ni jirani, Mmaasai, na ni mhudumu wa afya ya jamii. Ndiye yule mnayemwona na begi lenye mzani na mashine ya presha. Nzula alivua viatu, akavua saa, akavua hata pini za nywele. Akapanda.

Kilo themanini na sita na nusu.

Alishuka, akapanda tena. Mzani haukubadilisha maneno.

Nyumbani Sandra aliuliza kama ni mzani umekwama ama ni mama amekwama. Musila hakucheka. Alisema polepole, macho yakiwa kwenye sahani, kwamba mwili haunenepi kwa hewa. Kama mtu anakula mbele ya watu na pia nyuma ya watu, aseme tu. Hakuna atakayemshtaki.

Maneno hayo yalimchoma Nzula kuliko njaa. Hakuwa anakula kwa siri. Kama hali kwa siri na bado hapungui, basi alijua jibu lingine, na jibu hilo lilimwogopesha. Alianza kujishika tumbo akiwa peke yake, akitafuta uvimbe. Hakumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata, kwaya ilisimama kuimba. Ubeti wa kwanza Nzula aliimba. Ubeti wa pili alifungua mdomo tu. Ubeti wa tatu akaketi chini ghafla, na kwa sababu alikuwa katikati, karibu aketi na sauti ya pili yote.

Rebecca alikuwa kwenye kiti cha nyuma yake. Alimtoa nje, akamweka kivulini, akampima. Presha ilikuwa chini kidogo. Akamuuliza amekula nini.

"Yai," Nzula akasema.

"Jana?"

"Si nimekwambia naandika. Soma daftari." Kisha akaanza kulia. "Rebecca, mimi siibi chakula. Kuna kitu ndani yangu kinakula. Niambie tu ni kansa."

Rebecca hakumwambia asilie. Alimwambia kwamba kwanza wapime, halafu ndio waogope kama kuna cha kuogopa. Jumatatu wakaenda pamoja kituo cha afya. Daktari alimbonyeza tumbo, akapima damu, akapima pia tezi ya shingoni, kwa sababu tezi hiyo ikilegea mtu anaweza kunenepa bila kula sana. Siku tatu baadaye majibu yalitoka. Tumbo sawa. Damu sawa. Tezi sawa.

Nzula alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji. Lakini kilo zilikuwa pale pale, na miezi minne ilikuwa inatembea.

Ndipo Rebecca alipoketi na lile daftari. Alisoma ukurasa hadi ukurasa. Alisema kwa chakula hiki, mtoto wa chekechea angelalamika. Akamuuliza Nzula kama ameandika kila kitu, na Nzula akanuna. Basi Rebecca akaacha kuuliza. Alisema kesho atatembea naye kuanzia asubuhi, na hatamsumbua hata kwa neno moja.

Boma la kwanza lilikuwa la Mama Saruni. Salamu zilikwisha, shuka zikatandazwa, na chai ikaja. Haikuwa chai ya mjini. Ilikuwa maziwa ya ng'ombe yaliyoonyeshwa majani ya chai kwa mbali, katika kikombe kikubwa cha bati, na sukari vijiko vinne vilivyojaa. Nzula alikunywa yote. Rebecca alikunywa yote.

Boma la pili, hivyo hivyo. Boma la tatu, Rebecca alianza kulegeza mkanda. La nne, alimwangalia Nzula akimaliza kikombe bila shida, kama gari linalotiwa mafuta. La tano lilikuwa la Kokoo Seleyian, bibi mzee ambaye hakubali mgeni aondoke na kikombe chenye kitu. Rebecca alitoka hapo akitembea kama mjamzito wa miezi minane.

Njiani kurudi, akasimama.

"Mama Sandra, kila siku ni hivi?"

"Hivi nini?"

"Hii chai."

"Ah, hiyo? Hiyo ni chai tu," Nzula akasema. "Wewe ni Mmaasai, unajua zaidi yangu. Nikikataa chai ya mtu, nimekataa boma lake. Nitauza shuka kwa nani?"

"Na kwa daftari iko wapi?"

  Kwa Nzula, daftari lilikuwa la chakula. Chai si chakula. Nani amewahi kushiba chai?

Jioni hiyo Rebecca alikuja nyumbani kwa akina Nzula na kifuko cha sukari. Musila na Sandra walikuwepo. Aliweka sahani mezani, akachukua kijiko, akaanza kumimina, akimwambia Sandra ahesabu. Sandra alihesabu kwa madaha kama mtangazaji wa mpira. Alipofika kumi, madaha yalipungua. Alipofika ishirini, alikuwa ananong'ona.

Kilima cheupe kilikaa katikati ya meza.

"Hii ni sukari ya asubuhi moja ya mama yako," Rebecca akasema. "Na juu yake ongeza zaidi ya lita moja ya maziwa."

Kisha akaeleza, taratibu. Kila kitu tunachokula au kunywa kina nguvu ndani yake. Wataalamu wanaipima nguvu hiyo kwa kalori. Mwili unatumia nguvu kupumua, kutembea, kufanya kazi. Inayobaki unaiweka kama mafuta. Mwili hauulizi kama nguvu imeingia kwa kutafunwa au kwa kunywewa. Chai yenye maziwa na sukari ni chakula. Soda ni chakula. Juisi ni chakula. Vikombe vile vitano vilikuwa na nguvu kushinda milo yote iliyoandikwa kwa daftari.

"Lakini anatembea masaa," Musila akasema.

"Anatembea, na asiache. Kutembea kunasaidia moyo, na kunasaidia sukari ya damu. Lakini safari yote ya asubuhi inachoma kikombe kimoja na kidogo. Vingine vinabaki."

Sandra akauliza mbona basi mama alianguka kanisani kama ana nguvu nyingi hivyo. Rebecca akamwambia ajibu mwenyewe: Jumapili mama huenda maboma? Sandra akafikiria. Jumapili hakuna wateja. Jumapili hakuna chai. Jumapili kuna yai peke yake.

"Kwa hivyo wiki nzima alikuwa anaishi kwa chai," Sandra akasema.

"Na chai haijengi mwili wote. Kujinyima hivi ni makosa pia. Mtu akila kidogo kupita kiasi, anakosa nguvu, misuli inapungua, na kitu chochote kitamu kikipita mbele yake hawezi kukiacha. Ndio maana tangu aanze kujinyima alikuwa anamaliza kila kikombe mpaka chini."

Musila aliitazama ile sukari. Kisha akasema, bila kuzungusha, kwamba alimkosea mke wake. Alifikiri anaficha chakula. Amekuwa hata akihesabu ndizi. Nzula alimwambia amemsikia, lakini kwa hiyo ya ndizi ataosha vyombo wiki mbili. Musila hakubisha.

Rebecca akampangia chakula. Ale mara tatu. Asubuhi yai na kipande cha kiazi kitamu. Mchana muthokoi au githeri, yaani mahindi na maharagwe, sahani ya kiasi. Jioni ugali kama ngumi yake, si ngumi ya Musila, na mboga zijaze nusu ya sahani, na maharagwe au samaki au nyama isiyo na mafuta. Maji wakati wowote. Apimwe mara moja kwa wiki tu, mzani ule ule, asubuhi ile ile, kwa sababu maji ya mwili hupanda na kushuka na yanaweza kumdanganya mtu anayejipima kila siku. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayeahidi kumi kwa mwezi anauza kitu.

Hayo yote yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kikombe.

"Waambie ukweli," Rebecca akasema. "Sema hospitali imekukataza sukari. Sisi tunaheshimu hospitali."

Kwa Mama Saruni ilikubaliwa bila maneno mengi, akaletewa maji. Boma la pili, la tatu, la nne, vivyo hivyo, ingawa mmoja alimpa pole kama aliyefiwa. Lakini kwa Kokoo Seleyian Nzula alikawia mlangoni. Alisalimia, "Takwenya, Kokoo," akajibiwa, "Iko." Akaketi. Kikombe kikaletwa. Akakishika, hakukiinua.

"Kokoo, naomba unisamehe," akasema. "Sikatai boma lako. Nimepimwa, na sukari inanitafuta kama ilivyomtafuta mama yangu. Nimekatazwa chai tamu."

Bibi naye hakunywa. Alikuwa na kikombe chake mkononi, kimejaa. Nzula alianza kukunja shuka zake, akijua ameharibu.

Kokoo Seleyian aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kopo. Alilifungua. Ndani kulikuwa na vidonge na kadi ya kliniki.

"Mimi niko nayo miaka sita," akasema. "Nimekatazwa sukari kitambo. Nikiwa peke yangu situmii. Lakini wewe ukija, nitakunywaje maji na mgeni wangu anakunywa chai? Utasema nimekuchoka."

Nzula alimwangalia. Kokoo akamwangalia. Kisha bibi akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, na Nzula akacheka mpaka machozi. Mwaka mzima walikuwa wanapeana sumu kwa heshima. Vikombe vyote viwili alipewa mjukuu wa Kokoo, na wao wakanywa maji.

Wiki ya kwanza Nzula alipungua kilo moja. Ya pili, hakuna. Ya tatu, nusu. Alipoona hakuna, alitaka kurudia yai moja, lakini Sandra alificha daftari la zamani na kumpakulia githeri. Hasira ilikwisha. Musila alirudi kula kwa sauti. Sketi ya kanisani ilianza kuzunguka kiunoni, na Nzula akaishona yeye mwenyewe, akiimba.

Miezi minne ilipotimia, alirudi kliniki. Kilo themanini na moja. Nesi akamtoboa kidole, akasubiri mashine.

"Umetoka mlangoni," akasema. "Sukari yako iko sawa. Endelea hivyo hivyo, urudi baada ya miezi sita."

Nzula aliomba arudie. Nesi akarudia. Akatoka nje, akasimama kwenye upepo wa Kitengela na vumbi lake, akapiga simu Wote. Alimweleza mamake kila kitu, sukari na kilo na vikombe. 

"Na unakula?" mamake akauliza.

"Nakula, mwaitu. Mara tatu."

"Mm. Basi Desemba ukuje, Nzula. Shamba liko, na hiyo miguu yako miwili naona haina kazi."