Mbele ya Geti

Jumapili soko la Kibuye halina pa kukanyaga. Nasike, akiwa ametoka misa na gauni lake la kitenge cha njano, aliinama kuchagua viatu vya mitumba kwenye turubai la Calvince.

"Hivyo vimekupenda, Madam."

"Nani amekuambia mimi ni mwalimu?"

"Umeniambia nikae vizuri kabla hujanisalimia."

Nasike alicheka, akampa namba. Wakawa wanapigiana simu kila siku, ila Sabato. Calvince ni Msabato; Ijumaa jua likizama huzima simu mpaka Jumamosi jioni.

Mdogo wake wa kike, Winny, ambaye Calvince alimlea tangu mama yao afariki, alisoma kidato cha nne shuleni alikofundisha Nasike. Jumamosi moja Winny na wenzake wawili waliacha vipindi, wakaingia bwalo tupu kusali. Jumatatu mwalimu mkuu akawafukuza, na Nasike, aliyekuwa zamu, akatumwa kuwatoa. Nje ya geti alisimama Calvince, aliyeitwa kumchukua Winny.

"Unamtoa dada yangu kwa sababu ameomba Mungu?"

"Cal, nimetumwa."

"Lakini geti umefungua wewe."

Tangu hapo Calvince hakushika simu za Nasike.

Wiki nzima Nasike alimfuata mkuu. "Sisi wa Jumapili tunapewa nafasi ya kusali. Hawa je?"

"Na masomo wanayokosa?"

"Nitawafundisha mimi, Jumapili mchana."

Ijumaa jioni mkuu alikubali. Nasike akakimbilia simu, lakini jua lilishazama. Mteja hapatikani. Akaandika: "Winny amerudishwa. Mlete Jumapili saa nane." Siku nzima ya Sabato alikaa na simu mapajani, asijue kama bado ana mpenzi.

Jumapili Calvince alifunga biashara soko likiwa limejaa, akamleta Winny. Alisimama mlangoni mwa darasa mpaka kipindi kikaisha, mikono ya Nasike ikiwa imejaa chaki.

"Herana, mpenzi wangu, nilikukosea."

"Umeninyima sauti yako wiki nzima, Cal."

"Nikuoe ndiyo nikulipe?"

"Unaniuliza hivyo mbele ya wanafunzi?"

Winny akageuka kufuta ubao uliokuwa safi tayari.

"Kwetu harusi ni Jumamosi," Nasike akasema.

"Hiyo siwezi. Jumapili?"

"Jumapili ninafundisha Wasabato."

Calvince akakuna kichwa. "Basi Jumatano."

"Jumatano nina vipindi viwili vya asubuhi," akasema Nasike, akipangusia mikono yake ya chaki kwenye shati la Calvince. "Baada ya hapo niko huru."