Dakika ya Mwisho ya Somo la Tisa

Foleni ya kantini ya hospitali moja ya Daegu, Korea Kusini, ilikuwa imefika mlangoni siku ile Hwa-yeong, muuguzi wa wagonjwa mahututi, aliposikia nyuma yake sauti aliyoijua.

"Dada, samahani, supu ya mwani imebaki?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la buluu lililonyooka kwa pasi.

"Wewe si ndiye unayetufundisha mashine mtandaoni? Mbona leo unaongea taratibu hivi, unaumwa?"

Kijana huyo, Gyu-cheol, alicheka hadi trei ikatikisika. "Kumbe nawe unanisikiliza kwa kasi maradufu!"

Mapenzi yakaanzia hapo, mwaka ukapita. Jumatatu moja Gyu-cheol alimpigia simu.

"Mpenzi, somo la tisa, lile la pampu mpya ya dripu, umelimaliza?"

"Lote, bwana."

"Mpaka mwisho kabisa? Na huna la kuniambia?"

"Niseme nini? Pampu ni pampu."

Mwongo mkubwa! Somo alikuwa ameliacha likiongea peke yake huku akipiga mswaki. Tangu siku hiyo Gyu-cheol akawa mtu wa kujibu neno moja moja, na Alhamisi Hwa-yeong akasikia kwa watu kwamba amekubali uhamisho wa kwenda mji wa Busan, anaondoka Ijumaa kwa treni ya saa kumi jioni. Akabaki akijiuliza: Nimemkosea nini?

Ijumaa mchana kulikuwa na mtihani wa vitendo wa pampu ile. Pampu ilipiga kelele, naye akabonyeza kila kitufe isipokuwa chenyewe.

"Rudia somo," alisema msimamizi, Bi Ok-bun. "Hapa hapa, mbele yangu, na kwa kasi ya kawaida."

Alikaa, jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika sita, somo likaisha. Kisha ile sauti ikarudi, ikitetemeka.

"Hwa-yeong, kipande hiki nimekiweka kwenye akaunti yako tu. Nikuoe? Kama hutaki, nyamaza, sitakuuliza tena."

Alinyakua simu akampigia, machozi yakimtoka mbele ya Bi Ok-bun.

"Uko wapi?"

"Nipo stesheni. Treni inaingia."

"Usipande! Nilikudanganya, sikulisikiliza somo. Nimelisikiliza sasa hivi. Nakubali, nakubali, nakubali!"

Kelele za treni zilijaa simuni, zikapungua, zikapotea kabisa.

"Gyu-cheol? Umeondoka?"

"Nipo. Hebu sema tena, mpenzi," alisema. "Safari hii taratibu."