Mashudu Hayachomwi

Mashine ya kukamua alizeti ilinguruma tangu asubuhi. Vumbi lilielea katika mwanga wa mlangoni. Mafuta yalishuka taratibu, ya njano, kama asali. Mkamuaji aliegemea gunia, macho nusu wazi. Moyoni alikuwa anaiaga mashine yake.

"Kesho mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja," alimwambia mkewe. "Mafuta peke yake hayatulishi."

"Na haya mashudu?" Mashudu ni makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa.

"Choma, kama kawaida."

Mke akaanza kuyamwaga motoni. Moshi mtamu ukatanda uani. Hapo akaingia dada wa mkewe, mfanyakazi wa kiwanda cha chakula cha mifugo.

"Shemeji, mnapika nini?"

"Takataka."

"Takataka! Unachoma chakula cha kuku! Sisi tunayafuata mashudu mbali, na mashine zetu zinalala njaa."

"Acha utani, shemeji."

"Utani nimeuacha nyumbani. Mkulima anatoa mbegu, wewe unakamua. Kiwanda chetu kinachanganya mashudu na pumba. Mfugaji analisha kuku, mwoka mikate anapata mayai, dereva anabeba vyote. Kila mmoja anapata riziki na kulipa kodi. Kodi inajenga barabara na zahanati. Nchi inakula hapo. Wewe ukifunga, wengi wanayumba."

Mkamuaji alifumba macho. Akaiona mbegu moja ikitoka shambani kama inaelea. Ikawa mafuta, ikawa yai, ikawa mkate. Kisha ikawa taa ya zahanati, na chini yake mtoto mchanga analia.

"Kumbe tumechoma mayai ya watu," alisema.

"Mimi niliwahi kuuliza kama yanafaa," mke alisema. "Nikaambiwa napenda kujaza uchafu uani."

"Basi, mama, umeshinda. Lete maji."

Wakauzima moto. "Yaliyobaki yapoe na yakauke kabla ya kufunga magunia," shemeji alionya. "Yakishika ukungu ni sumu."

Kesho yake lori la kiwanda cha chakula cha mifugo lilipakia magunia. Mkamuaji akapata malipo ya pili kutoka mbegu zilezile. Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mizani yake, akaikuta mashine inanguruma.

"Haiuzwi," mkamuaji alimwambia.

Yule bwana akakuna kichwa, akatazama magunia. "Sawa. Lakini kuku wangu wamekonda. Nipimie mashudu."

Wakayapima kwa mizani yake mwenyewe.