Yasmini Alitaka Kujibu Mwenyewe

Enzi zile zilikuwa tamu, asikwambie mtu! Jumamosi moja soko la samaki Bagamoyo limechangamka, Yasmini katokea na baibui la zambarau, kiti chake cha umeme kinashuka mteremko. Akaachia kifimbo cha kuendeshea ili kisimame. Wapi! Kiti kinakwenda tu, mbele kuna karai la mafuta ya moto. Mikdad, fundi wa viti hivyo, akaruka akakidaka.

"Breki zako zimekwisha, dada."

"Na adabu zako je? Hata salamu hakuna!"

Mapenzi yakaanza hapo. Kila mwezi Mikdad alikwenda kwa kina Yasmini, mtaa wa Dunda, kukagua breki, mkanda, na vigurudumu vya nyuma vinavyozuia kiti kisipinduke. Siku nyingine zilikuwa za simu.

"Umefunga mkanda, roho yangu?"

"Nimefunga. Umekula?"

"Nasubiri unipikie."

"Basi utakonda!"

Siku moja Yasmini aliingia shimoni kwa kasi, kidogo apinduke. Mikdad hakulala. Alipokuja kukagua, akaunganisha kompyuta yake na kiti, akapunguza mwendo wa kiti nusu nzima. Yasmini hakuambiwa.

Juma lile lile wazee wa Mikdad wakaja kuposa. Kwetu binti akiulizwa akanyamaza, karidhia. Yasmini alikwisha kuapa: yeye hanyamazi, atajibu kwa mdomo wake. Adhuhuri ya siku hiyo, wazee hawajafika, akaenda kuchukua gauni kwa fundi cherehani; kwenda na kurudi kiti kikatambaa kama kobe. Wazee wakangoja hadi adhana ya alasiri, wakainuka.

"Huyu katukimbia," akasema Mzee Mwishehe, babu yake Mikdad.

Simu ikalia jioni.

"Umeniaibisha, Yasmini!"

"Nilikisukuma kifimbo mpaka mwisho, kiti hakitaki! Nimelia njia nzima. Mikdad, kimeharibika nini?"

"Ni mimi. Nilipunguza mwendo. Niliogopa utaanguka."

"Bila kuniuliza?"

"Kwa kuwa nakupenda..."

"Hii ndiyo miguu yangu, Mikdad! Ungemfunga kamba mwanamke mwenye miguu yake?"

Akakata. Wiki tatu hawakupigiana simu, na Yasmini alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda. Kisha asubuhi moja mlangoni:

"Hodi!"

"Nani? Fundi au mchumba?"

"Fundi. Mchumba kafukuzwa."

Alijaribu breki mara tatu mteremkoni, akavuta mkanda, akakaza vigurudumu. Halafu akamwekea Yasmini kompyuta mapajani. "Weka mwenyewe."

Yasmini akapandisha mwendo hadi juu kabisa, akamtazama Mikdad anavyotokwa jasho, akacheka, akaushusha kidogo. "Hapa panatosha. Mimi si mwehu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nilishakusamehe zamani. Lakini wazee wako wanadhani nilikimbia."

Mikdad akainamisha kichwa. Kukiri mbele ya Mzee Mwishehe, jamani, si mchezo! Ila alikwenda siku ile ile, akakaa mkekani, akasema yote.

Ijumaa wazee wakarudi. Ukumbi umejaa udi, Yasmini kavaa lile gauni, mama yake kakaa ubavuni pake.

"Binti," akasema Mzee Mwishehe, "tulikusema vibaya, na kosa lilikuwa la kijana wetu. Tuwie radhi. Je, unaridhia akuoe?"

Mama akamfinya: nyamaza, mwanangu!

"Naridhia!" Yasmini akapaza sauti, na vigelegele vikaanzia nyumba ya jirani.