Maji ya Tope

Kila alipotoka shule, Bibi Usafi alipitia chumba cha kazi cha mama yake. Jina hilo alibandikwa na mchimbaji mkuu wa visima vya mvuke, maana msichana huyo hakuacha kitu bila kukisugua. Mama alipima vipande vya mwamba vilivyopandishwa na mashine kutoka chini ya mlima wa volkano. Kila trei iliandikwa kina chake.

"Suuza mara moja tu, mwanangu," Mama aliagiza, akatoka kupokea simu.

Trei ya mita mia nne ilitoa tope. Bibi Usafi akasuuza, akarudia, akarudia tena, hadi maji yakawa maangavu.

Mama aliporudi alisaga vipande vichache, akavikoroga majini, akadondosha rangi ya buluu. "Udongo wa penye uvuguvugu huinywa rangi hii kama mwenye kiu ya siku tatu," alieleza. "Joto likizidi, hugeuka udongo mwingine, usio na kiu."

Matone mawili tu, rangi ikabaki ikielea. Mama akapiga makofi. "Kumbe moto uko karibu hivi! Bomba la chuma la kukinga kuta za kisima liishie hapa."

"Basi nikawaambie vijana, dada," alisema mchimbaji, aliyekuwa akisubiri mlangoni.

Bibi Usafi akakumbuka maji ya tope aliyoyamwaga. Akisema, huenda asiguse trei tena. Lakini mchimbaji alikwisha kugeuka.

"Ngoja, mjomba! Mama, nimesuuza mara sita. Tope lote limekwenda na maji."

Mama akafungua mfuko wa akiba wa kina kilekile, akapima upya. Tone la kumi, la ishirini. Udongo ukanywa yote.

"Bado ni vuguvugu," alisema taratibu.

Mchimbaji akavua kofia yake ngumu. "Udongo huu huvimba ukilowa. Tungeuacha bila bomba, ungeikaba mashine kooni. Ahsante sana, binti yangu. Ila mawe umeyaogesha, wewe! Kesho si utatuogesha na sisi?"

Wakacheka, hata Bibi Usafi, machozi yakimlenga.

Mama akaishika mikono yake iliyolowa. "Ulikosea kupuuza agizo, sikufichi. Lakini umetuokolea kisima, nami nakushukuru. Kosa likisemwa mapema hurekebishika. Likifichwa huvimba kama udongo huu."

Kisha akamsogezea trei ya mita mia tano. "Haya. Mara ngapi?"

"Mara moja, Mama. Ahsante."