Aliyemwita Kwandu Shambani

Kwandu aliamka kabla ya jogoo. Alichota maji lamboni, akapika uji wa watoto, akabeba jembe. Ndivyo siku zake zilivyokuwa tangu mumewe, Mayala, apeleke ng'ombe Bukundi kutafuta malisho. Simu ya Mayala haikupatikana. Huku Sapiwi, kijijini kwao, magugu yalikuwa yanaimaliza pamba.

Nyumbani alibaki na Nancy na wadogo zake wawili, pamoja na mama mkwe wake, bibi Anna. Bibi huyo hakuwa msemaji. Alizoea kukaa mlangoni pa nyumba yake ndogo, anatazama njia kwa macho yake mekundu.

Siku moja, jua likiwa la utosi, Kwandu alikuwa anapalilia. Upepo ulikoma. Ndege walinyamaza.

"Kwandu!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Haikuwa mbali, wala haikuwa karibu.

"Abee!" Kwandu aliitika, akageuka.

Hapakuwa na mtu. Pamba ilisimama kimya, mstari kwa mstari. Moyo wake ulianza kwenda mbio, na kifua kikabana. Wakubwa husema usiitikie sauti ya mtu usiyemwona. Yeye alikuwa ameshaitika.

Kesho yake sauti ilimwita tena. Safari hii alihisi kabisa kwamba mtu amesimama nyuma yake, anamhemea shingoni.

Alimweleza jirani yake, Yakobo. Yakobo alitikisa kichwa.

"Mama Nancy, hilo si la kunyamazia. Twende kwa mganga akutajie mtu anayekuroga."

"Mtu gani?"

 Yakobo aligeuza uso taratibu, akautazama mlango wa bibi Anna.

Kijijini husemwa kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi. Tangu hapo Kwandu hakuwa na raha. Akienda lamboni, bibi anamtazama. Akirudi, bibi anamtazama. Chakula alichopikiwa na bibi alikimwaga kwa siri. Usiku alilala macho wazi. Watoto wakimsemesha, aliwafokea, kisha akasahau alichowafokea.

Mchana mmoja alikuwa tena shambani. 

"Kwandu!"

Hakuitika. Nyuma yake majani makavu yalilia: kacha, kacha. Nyayo. Zilikuwa zinasogea.

Aliinua jembe juu kwa nguvu zake zote, akageuka.

Bibi Anna alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake. Macho yake yaliwaka mekundu juani. Hakukimbia.

"Mwanangu, ni mimi," alisema polepole. "Nimekuletea uji."

"Ulikuwa unaniita?"

"Sijakuita. Nilikuona kwa mbali umesimama tu, hulimi, unaongea peke yako. Nikaogopa."

Jembe bado lilikuwa hewani. Kwandu aliliona kama jembe la mtu mwingine.

"Mayu, mama yangu, ondoka," alisema huku analia. "Nitakuumiza."

"Liweke chini kwanza. Siondoki bila wewe. Twende zahanati."

Jembe lilianguka. Bibi akamshika mkono, wakaenda.

Pale zahanati walimkuta nesi Zamda. Alifunga mlango, akampima Kwandu shinikizo la damu na malaria. Kisha akavuta kiti karibu, akamsikiliza akieleza ile sauti, kifua kubana na hofu ya kurogwa.

"Dada, unalala?"

"Silali. Mume yuko mbali, shamba ni langu, watoto ni wangu. Halafu mdogo wangu Precious akafariki kwa homa. Nilizika, nikarudi kwenye palizi. Sikupata hata nafasi ya kulia."

"Hiyo sauti unayoisikia, inafanana na ya nani?"

Kwandu alifumba macho, akaikumbuka. Ngozi ilimsisimka.

"Ya Precious," alinong'ona. "Ni yeye."

Zamda alimshika bega. "Huna malaria, wala hujarogwa. Mtu aliyefiwa huweza kusikia sauti ya mpendwa wake. Na asiyelala wala kula, masikio na macho humdanganya. Mwili wako unakuambia mzigo umezidi."

"Na kifua?"

"Ni hofu. Kikibana, kaa chini. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo. Rudia mpaka moyo utulie. Kula. Lala. Lia. Gawa kazi. Na urudi wiki ijayo nikuone. Lakini sauti ikikuamuru uumize mtu, au ukijisikia kutaka kufa, usisubiri. Njoo siku hiyo hiyo, na usije peke yako."

Kwandu aliinama. "Na macho mekundu ya mama mkwe wangu?"

"Ni moshi," Zamda alisema. "Amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Yanauma, na yana dawa. Hayana ubaya mwingine."

Njiani Kwandu alikaa kando ya barabara, akamlilia mdogo wake kwa sauti. Bibi Anna alikaa naye mpaka machozi yakaisha.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Sauti ilirudi mara kadhaa, ikawa inafifia. Bibi alichukua kazi ya kupika, naye Kwandu akalala mchana watoto wakiwa shuleni. Wanawake wa jirani walikubali kupalilia kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jumapili alirudi kwenye kwaya ya kanisa. Mayala alipopatikana kwenye simu, Kwandu hakumficha neno. Mayala aliwaacha ng'ombe kwa ndugu yake, akarudi nyumbani. Yakobo alipoleta tena habari za mganga, Kwandu alimwambia, "Kidogo unifanye nimuue mama yangu." Yakobo hakurudia.

Jioni moja walikuwa wanachambua mchicha pamoja. Kwandu alisema, "Mayu, nisamehe. Nilikuwa nakuogopa."

"Nilijua," alisema bibi Anna. "Wanawake wenye macho kama yangu, waliouawa kwa kuitwa wachawi, nimewazika wengi. Kila usiku nilikuwa naegemeza mchi mlangoni, mtu asiingie."

Kwandu aliacha kuchambua.

"Siku hizi siegemezi," bibi alisema, akamsogezea ungo. "Chambua, mwanangu. Giza linaingia."